Bakwe Bawili ku Nyumba ya Kanyinda

Mi sijue kubembeleza mutu. Kama ni kupiga kelele, ndiyo, Mungu alinipa mudomo: nikiita "Rudia nyuma!" ku kiwanja, hata taxi-moto ya ku barabara inasimama. Lakini kuingia ku nyumba ya batu, kuikala ku kiti, kucheka meno inje, kusema maneno ya asali juu nibebe mutoto yabo, ile haiko kazi yangu. Na sasa ile njo kazi bananitumaka.

Jina yangu ni Adolphine. Niko kochi ya baskete ya banamuke ku Institut Tujenge, masomo ya kisha segondari, hapa Kolwezi. Zamani kupata muchezaji haikukuwaka mambo. Unapita mu kartie, mu mitaa, unaona mutoto mwanamuke murefu sawa nguzo ya kuraa, ya umeme, iko anabeba ndoo ya mai ku kichwa, unauliza mama yake iko wapi. Mama anakuambia ingia kwanza ukule. Unakula bukari, ugali yabo, na sombe ya majani ya muhogo, unabaambia mutoto atasoma bure, tutamupa na biatu ya kuchezea. Basi, imeisha, mutoto ni yako. Mama moya tu njo alinikatalia, na ile ilikuwa juu nilisifu sombe ya jirani yake.

Leo haiko vile tena. Université Nyota ya Kusini, ile ya privé ya Lubumbashi, ilianza kulipa bachezaji. Haiko masomo ya bure tu, hapana! Mushahara kila mwezi, sawa mutu mwenye anaenda kuchimba ku mine. Sijue ni mukubwa gani anabatoshea ile makuta, ile pesa yote. Tangu pale batoto banakuuliza mbele hata ya kukusalimia: "Mama Kochi, na kwenu banalipa?" Mwaka jana balinibebea Shekina. Ule mutoto akishika baloni, hakuna mutu anamunyanganya. Mbele ya Noeli alivunjika goti. Ile mwezi ile ile balimukatia mushahara, kisha balimuambia na masomo ajilipie mwenyewe. Alirudia na bisi, fimbo mbili mu kwapa. Sasa anauzisha kredi ya telefone ku rond-point, na mi napita pale kila siku, na kila siku roho inaniuma.

Siku moya Tata Tharcisse, directeur yetu, aliniita mu biro. Haiko mutu mubaya. Lakini akiogopa kukuambia kitu, anatosha miwani na anaanza kuipangusa. Ile siku aliipangusa mpaka nilisema atavunja kioo.

"Mama Adolphine," alisema, "kuko société, kompanyi moya yenye inafanyaka kazi ya ma-mine, iko tayari kutusaidia. Na sisi tutalipa bachezaji."

"Na banataka nini?"

"Banataka ekipi iwe na jina. Banataka binti ya Kanyinda." Alipangusa tena. "Kama haiko yeye, makuta itaenda ku mupira ya banaume. Na baskete ya banamuke, mama, tutaifunga. Nakuambia wazi."

Alinipa anvelopi ya makuta na kontra, mukataba ya kusaini. Binti ya Kanyinda! Kama vile ni yeye njo ananijulisha Jémima! Mi njo nilimuonaka Jémima ku kiwanja ya zamani ya cercle, kilabu ya batu ya mine, kule simenti imepasuka-pasuka, kiko kitoto cha miguu mirefu, kinaanguka, kinaamuka, kinacheka. Mi njo nilimufundisha kuruka, na kuanguka bila kujiumiza, juu na kuanguka kunafundishwa. Baba yake Kanyinda alikuwa fundi wa kuraa ku Nzilo, ku barrage, bwawa ya kutosha kuraa, na alirudiaka nyumbani siku za mapumziko tu. Mama yake, Mianda, iko na meza ya unga ku soko, anatoka asubuyi anarudia jioni. Basi mutoto akimaliza masomo anakuya kwangu. Tunacheza, tunakula, ananawa miguu, namurudisha kwabo mbele jua haijalala. Mi sina mutoto. Sitafiche kitu: nilijua tangu kitambo, Jémima akimaliza segondari atakuya kwangu, atavaa rangi yetu, kila mutu atasema ule ni mutoto ya Adolphine. Sasa bananituma na anvelopi, sawa naenda kununua mutoto yangu mwenyewe. Nilisikia haya. Lakini nilitia anvelopi na kontra mu sakoshi, na siku ya Yenga, kisha kanisa, nilipanda taxi-moto nikaenda Dilala, kwabo Jémima.

Nilipofika ku ile manyumba ya zamani ya kompanyi ya mine, niliona jeep inasimama mbele ya nyumba ya Kanyinda, imejaa vumbi ya barabara ya Lubumbashi. Nilijua ni batu ya Nyota ya Kusini mbele hata ya kupiga hodi.

Mu salon aliikala Baudouin. Namujua. Zamani alichezaka vizuri, siwezi kudanganya, leo ni yeye njo anazunguka inchi yote kutafutia Nyota ya Kusini bachezaji. Alivaa kositime, na alishika Fanta mu mukono. Akaniona, akacheka.

"Mama Adolphine! Nawe umekuya kusalimia?"

"Na weye umekuya kukunywa Fanta?" nilimuambia, nikaikala ku kiti yenye iko mbali naye.

Tata Kanyinda alikuwa amefunga na kravati. Ni mutu ya Kasai, wa zamani, ya kiburi nzuri. Baba yake alikuyaka huku kutumika ku mine mbele Kanyinda hajazaliwa, lakini ukiingia mu ile nyumba unajua Kasai haijatoka mule. Mama Mianda aliikala pembeni yake, mikono yulu ya magoti. Jémima hakukuwa mule. Nilimusikia nyuma, ku kikoni, anaangusha sahani.

Baudouin hakuweza kungoya. Njo kosa yake. "Papa," alisema, "mi sitapoteza wakati yenu. Bitu iko wazi." Akatosha anvelopi, nene, akaitia yulu ya meza. Yulu ya anvelopi akatia kontra, na yulu ya kontra akatia biki ya kuandikia. Mama Mianda aliangalia ile meza sawa mutu ametia biatu yake pale.

Mi nilicheka mu roho. Haraka haraka haina baraka, bwana! Mi ni mutu ya ku norde ya Katanga, lakini nimeikala na bale batu ya Kasai maisha yangu yote, najua kule hautie makuta yulu ya meza hivi.

Tata Kanyinda hakugusa. "Bwana, unataka kubeba mutoto yangu mwanamuke," alisema polepole. "Atalala kwenu. Atakula kwenu. Atatumika kwenu. Jina yenu itaandikwa ku mugongo yake. Na unaacha makuta yulu ya meza yangu. Kwetu ile mambo iko na jina."

Baudouin alicheka mpaka Fanta ilimuingia mu pua. "Aba, papa! Mi sikuye kuoa! Niko na bibi na batoto!"

"Sikusema weye. Ni université yenu njo inaoa."

Hapo na mi nilicheka, nilishindwa. Kumbe ningenyamala. Tata Kanyinda alinigeukia.

"Na weye, Mama Adolphine? Umekuya sawa mutu ya hapa, vile tumezoea? Ao na weye ni mukwe?"

Sakoshi yangu ilikuwa yulu ya magoti. Nilisikia ile anvelopi sawa jiwe. Ningeweza kudanganya, lakini ile mutu hadanganywe.

"Na mi ni mukwe, tata," nilisema. Mama Mianda alinamisha kichwa. Ile iliniuma kupita kitu yote.

"Bon," alisema Tata Kanyinda. "Bakwe bawili, binti moya. Basi tutafanya sawa bakubwa yetu balitufundisha. Baba hasemake bei ya mutoto yake kwa mudomo yake. Ni mudogo yangu Kalala njo angesema, lakini iko Dilolo, bitu yake imekamatwa ku mupaka. Na mali ya ndoa haikuliwe mbele binti hajaulizwa. Jémima! Kuya!"

Jémima aliingia. Yoo, mutoto ya batu! Alibidi ainame kidogo ku mulango. Alipiga magoti, akasalimia kila mutu, akaniona mi, akatabasamu kisha akaona kontra ku meza na tabasamu ikazimika. Aliikala ku kiti kidogo karibu na mama yake.

"Jémima," baba yake alisema, "hawa batu wote banakutaka. Baba yako mudogo Kalala haiko. Ungoye mpaka arudie, ao kuko mutu mwingine atakusemea?"

Mutoto aliangalia mikono yake. Mi namujua: akiwaza sana anavuta kidole. Alivuta kidole, kisha akasema:

"Papa, weye unajua kuraa. Mama anajua unga. Baba mudogo anajua bitu ya mupaka. Mu hii nyumba mutu mwenye anajua baskete ni Mama Kochi. Nataka yeye anisemee. Aikale huku, upande yangu."

Baudouin alisimama. "Hapana! Hawezi! Mama na yeye iko na kontra mu sakoshi!"

"Ni kweli," alisema Tata Kanyinda. "Mutu hawezi kuwa mukwe na tantine, shangazi mwenye anasemea binti, siku moya. Mama Adolphine, ni weye. Uikale kule, ao ukuye huku."

Mungu wangu. Nilikasirika! Nilikasirikia Kanyinda na desturi yake. Nilikasirikia Jémima: mutoto gani huyu, nimemulea, halafu ananiuliza kitu vile mbele ya batu? Nikiikala kule niliko, nilijua mambo itaenda namna gani. Baba yake atamuuliza, tukule bitu ya Baudouin ao tukule bitu ya Mama Kochi? Na Jémima hawezi kunikatalia ku macho. Hawezi! Atasema ndiyo juu ya bukari yangu, juu ya biatu, juu ya ile magoti yote nilimufutiaka damu. Ekipi yangu itapona. Ilibaki tu mi ninyamale.

Na njo ile iliniogopesha, kwamba ilibaki tu ninyamale.

Nilitosha kontra yetu mu sakoshi. Sikuisomaka, sitadanganya, Tata Tharcisse alinipa nikakunja. Niliisoma pale, kidole yulu ya karatasi. Nikafika pa kusema: muchezaji akiumia asicheze, malipo inaisha na masomo analipa mwenyewe. Nikanyoosha mukono, nikabeba kontra ya Baudouin ku meza bila kulomba ruhusa, nikaisoma na yeye. Maneno ile ile. Ile ile, mpaka ku koma! Kumbe batu yetu ya Tujenge balichukua tu kontra ya Lubumbashi, bakabadilisha jina ya yulu.

"Jémima," nilimuuliza, na sauti yangu ilikuwa kali, mi sina ingine. "Tangu nimekujua sijakuuliza. Unataka kusoma nini?"

"Kuraa, Mama Kochi. Sawa papa. Sawa papa lakini na diplome, nitumike mpaka ku Nzilo ao mbali."

Ku institut yetu kuko komersi na kontabilite, hesabu ya makuta. Basi. Hakuna kuraa, hakukuwaka, na haitakuwa kesho.

"Na kwa nini haukuniambia?"

"Ungehuzunika." Akavuta kidole. "Na kuko kitu kingine. Napenda kucheza, unajua napenda. Lakini tangu Shekina arudie, nikiruka naogopa kushuka."

Ile neno ilinipiga. Mi njo nilimufundisha kuruka, na sasa anaogopa kushuka! Nilisimama. Nilibeba kiti yangu na mikono mbili. Nilipita mbele ya Baudouin, nilimukanyaga kiatu chake cha kung'aa na sikuomba samahani, nikatia kiti pembeni ya Mama Mianda, nikaikala na muzito yangu yote.

"Mi niko upande ya binti," nilisema. "Kontra ya Tujenge imetoka mu hii mambo. Haya, Bwana Baudouin. Sasa weye na mi."

Maskini, alijua. Alifungua kravati kidogo.

"Goti!" nilisema.

"Mama, ile ni sheria ya université. Mi siko mwenye..."

"Tata Kanyinda, nakuuliza mbele ya batu yote. Kwenu mutu akioa, bibi akigonjwa, anamurudisha kwa baba yake sawa radio imeharibika?"

"Hapana," alisema Tata Kanyinda.

"Mama Mianda?"

"Haya tupu," alisema Mama Mianda.

"Umesikia? Ukitia mali ku hii meza, weye haununue mutoto. Unaingia mu familia. Tukikula mali yako, na weye unakula shida yetu. Goti yake inakuwa goti yenu. Kama hamutaki goti, beba anvelopi yako, na Fanta utamalizia mu jeep."

Baudouin aliangalia chini. Nilizani atakasirika, lakini hapana, uso yake ilianguka. "Mama Adolphine," alisema polepole, "unazani ile ya Shekina sikuisikia? Mi njo nilimubebaka kwa mama yake. Mi njo niliahidi. Siku ile alipanda bisi na fimbo, mi nilijificha, sikuenda kumuaga." Akapangusa uso na mukono. "Nitapigia bakubwa ya université telefone."

Akatoka inje. Tulimuona kwa dirisha, anazunguka jeep yake, telefone ku sikio, mukono ingine inakata hewa. Shofere yake alishuka akaenda kusimama mbali. Jémima alishika mukono yangu chini ya kikwembe yenye nilijifunga, na mi nilimuacha aishike.

Akarudia ametoka jasho, koti ya kositime ameitundika mu jeep. Mushahara, balikataa: akivunjika, mushahara itasimama mpaka apone. Lakini munganga watalipa. Na masomo watalipa mpaka diplome, faculté ya kuraa, hata kama hatacheza tena siku moya.

"Andika," nilisema.

Akaandika na mukono yake ku pembeni ya kontra, akatia sinyatire, saini yake. Tata Kanyinda akasoma, akampa Jémima asome, Jémima akanipa. Ilikuwa wazi.

"Bado," nilisema.

"Mama, Yesu! Bado nini?"

"Mutu hawezi kuoa bibi ya pili kama ya kwanza amemufukuza na bugonjwa. Tata Kanyinda, ni uongo?"

"Ni kweli kabisa."

"Basi, Shekina. Arudie masomo."

Baudouin alirudisha biki yulu ya meza. Kisha akasema, "Ile sitaiandika, juu sina nguvu yake. Lakini nitaenda mu biro ya rektere, mukubwa ya université, mi mwenyewe, na nitasimama pale mpaka banifukuze. Naapa mbele ya huyu mama." Akaonyesha Mama Mianda. Sijue kama atatimiza. Lakini niko na namba yake ya telefone, na mudomo yangu munaijua.

Basi Tata Kanyinda alisimama, akafunga vizuri kravati. Aliita na sauti ya juu, jirani basikie, juu ile neno haisemwe mu kificho.

"Jémima, binti yangu! Tukule bitu ya hawa batu?"

Mutoto hakuangalia baba yake. Aliangalia mi. Mama yangu, ile macho! Nilijua nikitingisha kichwa kumuambia ndiyo namupoteza: kiwanja, jioni, bukari ya batu wawili, yote. Na ekipi na yeye. Nilitingisha kichwa.

"Mukule, papa," alisema Jémima.

"Tukule?"

"Mukule."

Mama Mianda alipiga kibembe, vigelegele ya furaha, jirani balijibu ku ukuta ingine. Mi niliangalia sakafu. Nilikuwa na furaha juu yake, kweli, na nilikuwa na uchungu juu yangu, na bile bitu biwili havikupatana. Baudouin alianza kukusanya biki yake, anazani imeisha.

"Ikala," Mama Mianda alimuambia.

Huyu mama hasemake mingi. Akisema, batu banasikia. "Munamaliza mambo ya baba. Kwetu kuko na mbuzi ya mama. Haibadilishwe na makuta. Ni mbuzi ya mugongo, juu ya mugongo yenye ilimubeba mutoto."

Baudouin aliniangalia. Akamuita shofere, akamutuma ku soko. Tulikunywa Fanta yote ya nyumba mbele arudie. Mbuzi ilikuya mu jeep, kitini, ya rangi nyeusi na kichwa nyeupe, inapiga kelele kupita mi, na ilikuwa imekojolea koti yenye Baudouin alitundika kule. Hata Tata Kanyinda alicheka mpaka machozi.

Mama Mianda alishika kamba. Nilizani atapeleka mbuzi nyuma ya nyumba. Alikuya kwangu.

"Kuzala haiko kazi, kazi ni kulea," alisema. "Mi nilimubeba mugongo mbele ajue kutembea. Kisha nilienda ku soko, juu bilibidi. Kila jioni nilirudia, nikamukuta mutoto amekula, amenawa, anacheka. Ulizani siulizake ni mugongo ya nani?"

Akatia kamba mu mukono yangu.

Mutu ya taxi-moto alikataa kunibeba, asema mbuzi ni abiria na abiria analipa. Tuligombana pale barabarani mpaka akachoka. Nililala na ile mbuzi mu kikoni yangu, na asubuyi, juu hakukuwa mutu wa kuichunga, nilienda nayo ku institut. Nilikuwa nakata nayo kiwanja, Tata Tharcisse akatoka mu biro.

"Jémima iko wapi?"

"Ameolewa," nilisema. Nikamurudishia anvelopi yake, haijafunguliwa, nikamuambia yote, bila kuficha, na ya goti na ya kontra yetu yenye tuliiba mpaka koma.

Akatosha miwani. "Mama Adolphine. Unajua sasa baskete ya banamuke itafungwa?"

"Najua."

"Na batoto?"

"Kiwanja ya cercle haina mulango, tata. Hakuna mutu anaweza kuifunga. Nitaikala kule na bale bataweza kuya."

Aliipangusa miwani muda murefu. Kisha akaonyesha mbuzi, yenye ilikuwa inaanza kukula maua ya institut.

"Na hii?"

Nilitaka kumujibu kwa hasira, sawa kawaida. Hasira ilikataa kutoka.

"Nafundishaka batoto ya Dilala tangu zamani, tata," nilimuambia. "Nabakulisha, nafuta damu ku magoti, nabarudisha kwabo. Weye na bengine munabalipa leo juu ya kitu yenye mi nilibafundisha bure. Mi, hakuna mutu alinilipaka ile kazi hata siku moya. Hii njo mushahara yangu."

Na pale pale, mbele ya directeur na mbele ya batoto yote benye balikuwa banaingia masomo, nililia, na kamba mu mukono, na sikuona haya.